Nguvu za Uani: Mazoezi ya Mwili kwa Gharama Ndogo



Maneno haya tuliyasema kwanza Gitega, na leo tunayaleta Muyinga, mahali ambapo yana uzito zaidi. Vijana wengi wametuuliza namna ya kuimarisha mwili bila kulipia ukumbi wa mazoezi, ambao kwa mkazi wa kilimani uko mbali na ada yake si ndogo. Swali hilo ni la afya, lakini limetugusa sisi polisi kwa njia mbili ambazo tutazieleza.

Tuanze na vyombo. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20 na kidogo. Likijaa mchanga mkavu hupita kilo 30. Chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa mchanga hukaribia kilo mbili na nusu, nayo yamtosha anayeanza. Mpira wa ndani wa baiskeli uliojaa viraka hata haufai tena barabarani, ukifungwa kwenye nguzo imara, huwa chombo cha kuvuta kinachokaza mabega na mgongo. Katika vilima hivi, ambako ndizi na mkaa husafiri kwa baiskeli, mipira ya namna hiyo haikosekani.

Atakaye uzito wa kudumu na atengeneze wa zege. Saruji kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto vitatu. Kopo la lita 5 lililojaa zege huwa na kilo zipatazo 12. Mti wa kuunganisha makopo mawili uwe wa mkalitusi uliokauka, usio na nyufa, na ncha zake zipigiliwe misumari kabla ya kuzamishwa ndani ya zege. La sivyo utachomoka siku mtu ameuinua juu ya uso wake. Zege lifunikwe kwa gunia lenye maji muda wa wiki nzima, na lisibebeshwe kazi nzito mapema, kwani hukomaa kwa siku 28. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hujaza makopo zaidi ya 20. Nyumba kumi zikichangishana, basi, kila nyumba hupata jozi yake. Wanaonunua saruji ng'ambo wapite nayo kituoni Kobero na watunze stakabadhi.

Mtauliza: kwa nini zege, ilhali chuma kipo? Hapo ndipo njia ya kwanza inapotufikia. Chuma chakavu kina bei, na penye bei mwizi hakosekani. Mfuniko wa shimo la maji machafu, nguzo ya alama ya barabarani, chuma cha ukingo wa daraja: vyote hivyo hufaa kunyanyuliwa, na vyote vina mwenyewe. Mfuniko ukiondolewa usiku, asubuhi mtoto anayekwenda shule hutumbukia. Tena mpaka humsaidia mwizi, kwa maana kilichoibwa upande mmoja huuzwa upande wa pili, ambako hakuna anayekitambua. Anayeuziwa chuma amuulize muuzaji kilikotoka, waandikiane karatasi yenye jina na tarehe, na awepo shahidi. Muuzaji akikataa kuandika, mnunuzi amekwisha kupata jibu.

Njia ya pili ni shaka, nayo ni nzito zaidi. Wengi mnakumbuka kwamba mwaka 2014 mbio za vikundi mjini Bujumbura ziliwekewa masharti, baada ya mazoezi kuchanganyika na mvutano wa kisiasa. Hatuoni sababu ya kulinyamazia jambo hilo. Vijana wanaokutana gizani karibu na mpaka, wakinyanyua mizigo na kuhesabu kwa sauti moja, huwatia majirani hofu, na katika nchi iliyopita vitani hofu hiyo si upuuzi. Kwa hiyo tunawaomba vijana wafanye mazoezi mchana, uani panapoonekana, na mkuu wa kilima ajue. Jirani naye, kabla ya kupeleka habari, na aende kwanza akasalimie; pengine ataalikwa ashike dumu. Na askari wetu apitaye hapo, salamu itangulie swali. Mtu kunyanyua mchanga uani kwake si kosa.

Akina mama wa Muyinga wametuambia kwamba ua uliozungushiwa ukuta au mianzi huwapa sitara ambayo ukumbi wa mjini hauwapi. Wao hatuwafundishi uzito, maana dumu la maji walilijua tangu utotoni. Tunawaomba jambo moja tu: wakiinua, wachuchumae na kuinuka kwa nguvu za miguu, mgongo ukiwa umenyooka. Wapiga ngoma wa Gishora, kule Gitega, hubeba kichwani ngoma zilizochongwa kutoka gogo zima huku wakiendelea kuzipiga; atazameni shingo na migongo yao, mtaona tunachosema.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki, pamoja na siku mbili za kukaza misuli. Jembe na baiskeli vimo katika hesabu hiyo. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, na mama mjamzito, wapite kwanza kituo cha afya.

Sasa tutoke nje. Chini ya mparachichi tumeweka madumu mawili ya mchanga, mpira wa baiskeli na jozi moja ya zege iliyokomaa. Wazee waketi kivulini, na vijana wa pande zote mbili za mpaka wajipange wawili wawili, mmoja akiinua na mwenzake akimlinda.