Slabu Isiyo na Nguzo

(Maneno tuliyowaambia viongozi wa vikundi vya kujisaidia siku ya mafunzo ya ujenzi)



Wengi wenu mnajenga. Wengine darasa la chekechea, wengine ghala la mahindi, na kuna akina mama ambao zahanati yao imefika kwenye linta. Karibu kila mchoro tunaoletewa una ile slabu inayotokeza nje juu ya mlango, bila nguzo hata moja, ili watu wajikinge mvua. Mafundi wanaiita kantileva. Ni kitu kizuri, lakini ikijengwa kwa mazoea ya slabu ya kawaida inaweza kuua mtu.

Kwanza fikirieni benchi la kanisani. Mtu ameketi kwenye ncha, kupita mguu wa benchi, na wenzake wako katikati. Wote wametulia. Wenzake wakisimama kuimba na yeye abaki, mwajua yatakayompata! Slabu ya kutokeza ni huyo wa kwenye ncha. Lazima kuwe na uzito nyuma yake, ndani ya jengo, wa kuishikilia.

Hata daraja la reli la Forth kule Scotland, lililofunguliwa mwaka wa 1890, linasimama kwa njia hii, na nafasi zake mbili kubwa zina mita 521 kila moja. Mhandisi Benjamin Baker alitaka watu wa kawaida waelewe. Akaketisha wanaume wawili kwenye viti, mikono wameinyoosha na kuitegemeza kwa fimbo, na katikati yao akaketi mhandisi kijana kutoka Japani, Kaichi Watanabe, akibebwa na mikono yao. Upande wa nje kila mmoja alifungwa kwenye rundo la matofali. Bila yale matofali, wale wawili wangeangukiana.

Sasa jambo la pili, na ndilo lililotuleta. Hapa mezani tuna sabuni ya kipande. Tumeichora mstari kwa kisu upande wa juu. Tunashika nusu moja juu ya meza, nusu nyingine iko nje, mstari uko pale ukingoni. Tunabonyeza ncha polepole. Mnaona? Mstari unafunguka. Tukigeuza sabuni mstari uwe chini, unajifunga. Konkriti nayo ni hivyo. Ukiibana ina nguvu sana, ukiivuta inakatika upesi, na chuma ndicho kinachokubali kuvutwa. Slabu iliyolala juu ya kuta mbili huvutwa upande wa chini, kwa hivyo fundi amezoea kuweka vyuma chini. Hii ya kutokeza huvutwa upande wa juu, hasa pale inapotoka ukutani. Chuma kikiwa chini hapo ni kama hakipo.

Tunasema hivi kwa sababu sisi wenyewe tulikosea. Kulikuwa na slabu ndogo ya mlango wa kliniki, nasi ndio tuliosimamia kazi. Asubuhi vyuma vilikuwa juu, tukaviona kwa macho yetu. Halafu watu wakaja kwa wingi, nyimbo zikaanza, karai zikapita mkono kwa mkono, na vijana wakavikanyaga vyuma mpaka vikalala juu ya mbao za chini. Hakuna aliyeangalia tena. Siku tulipoondoa miti ya kuegemeza, ufa ukatokea juu, kando ya ukuta, ukapanuka tukiutazama. Tukarudisha miti mbio mbio, kisha tukaivunja slabu yote kwa nyundo. Simiti ambayo akina mama waliichangia kwa kuuza mayai ikawa kifusi. Hakuna aliyeumia. Lakini siku iliyofuata ilikuwa ya kupima watoto, na foleni huanzia papo hapo mlangoni.

Kwa hivyo vyuma vikuu viwe juu, vifunikwe na konkriti ya kama sentimita mbili na nusu. Vishikiliwe na vipande vya chuma vilivyokunjwa kama viti vidogo, vifungwe kwa waya. Virudi ndani ya slabu ya chumba angalau mara moja na nusu ya urefu unaotokeza. Unene na idadi msikisie, mwulizeni mhandisi. Wekeni mbao za kupitia watu, na mmoja wenu asiwe na kazi nyingine ila kulinda vyuma. Sisi siku hizi tunampa mama mkali, naye haogopi kumfukuza hata mwenyekiti.

Miti ikae siku 28. Kuiondoa, anzeni ncha ya nje mkielekea ukutani. Mkianzia ukutani, ncha inabaki imeegemea mti na slabu inapinda upande usio na chuma. Na tangi la maji msiliweke juu yake: lita 1,000 ni tani nzima.

Haya, sabuni ni hii na kisu ni hiki. Kila kikundi kitume mtu mmoja mbele ajaribu kwa mkono wake.