Uganda na Kenya: Kodi na Fedha za Kumtumia Mzazi

Askari aliye kambini mbali na kwao hana njia nyingi za kumtunza mzazi wake. Hawezi kwenda kumlimia shamba wala kumpeleka hospitali. Awezalo ni kutuma fedha mshahara unapotoka. Zamani fedha hizo zilipitia posta, au zilikabidhiwa dereva wa basi. Siku hizi hupita katika simu. Kwa hiyo sheria yoyote inayogusa njia hiyo hugusa nyumba ya askari, na yaliyotokea katika nchi jirani yanastahili kuangaliwa kwa makini.

Nchini Uganda, Sheria ya Kodi ya Mapato haihesabu zawadi ya kifamilia kuwa mapato. Mali aliyopata mtu kwa zawadi au urithi, isiyotokana na ajira wala biashara, haitozwi kodi hiyo. Kenya nayo iliifuta kodi ya mirathi mwaka 1982, na mume akimhamishia mkewe mali, uhamisho huo hausamehewi kwa upendeleo bali kwa sheria: hautozwi kodi ya faida ya mtaji. Msingi wake ni wazi. Anachotoa mtoto kumpa mama si biashara.

Lakini kusamehe zawadi ni jambo moja, na kuisamehe njia ya kuipitisha ni jambo lingine. Tarehe 1 Julai 2018, Uganda ilianza kutoza asilimia 1 ya thamani ya fedha zilizopokewa, zilizolipwa au zilizotolewa kwa njia ya simu. Kodi hiyo haikukatwa katika ada ya kampuni, bali katika fedha zenyewe. Kwenye shilingi 100,000 za Uganda, asilimia 1 ni shilingi 1,000. Na fedha zilipopita hatua zaidi ya moja, zilikatwa tena. Wakati huo huo, mwenye akaunti aliyechukua mamilioni dirishani benki hakutozwa kodi hiyo. Mzigo ukawaangukia wasio na benki, ambao wengi wao wako vijijini.

Wananchi walilalamika. Tarehe 11 Julai 2018 waandamanaji walijitokeza mjini Kampala, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Hapa ndipo penye jambo la kutafakari. Polisi aliyeshika zamu siku ile naye alikuwa na mama kijijini, na fedha alizomtumia zilikatwa kama za yule aliyekuwa akikimbia moshi. Kabla mwaka haujaisha, sheria ilirekebishwa: kodi ikashuka hadi asilimia 0.5, tena wakati wa kutoa fedha tu. Kwenye shilingi zile 100,000, makato yakawa shilingi 500, mara moja.

Kenya ilifuata njia nyingine. Huko ushuru hutozwa juu ya ada ya kampuni, si juu ya fedha zinazotumwa. Mwaka 2023 ushuru huo ulipandishwa kutoka asilimia 12 hadi 15 kwa huduma za simu. Ada ikiwa shilingi 20, ushuru wake ni shilingi 3, na fedha za mama hufika bila kupunguzwa na kodi hiyo. Hata hivyo, mwaka 2024 muswada wa fedha ulipendekeza kuufikisha asilimia 20, pamoja na kodi nyingine nyingi. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliingia katika jengo la Bunge mjini Nairobi, watu wakapoteza maisha, na jeshi likaamriwa kuwasaidia polisi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini muswada huo.

Tanzania nayo ilipita katika njia hii. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 2021, ikiwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala. Wananchi walilia, na Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Ndugu wasikilizaji, hapana budi kusema kweli yote. Hakuna sare, silaha wala mshahara wa askari pasipo kodi. Barabara inayompeleka askari likizo na zahanati anakotibiwa mama yake hujengwa kwa fedha hizo hizo. Serikali isiyokusanya kodi haiwezi kujilinda. Swali si kama kodi itozwe. Swali ni itozwe juu ya nini. Kuitoza kampuni kwa huduma iliyouza ni jambo linaloeleweka. Kukata kipande cha msaada wa mtoto kwa mzazi, msaada ambao sheria yenyewe imekiri kwamba si mapato, ni kuchukua kwa mkono wa kushoto kilichosamehewa kwa mkono wa kulia.

Kidogo kidogo hujaza kibaba. Lakini kibaba cha hazina kisijazwe kwa kupunguza kibaba cha bibi kizee anayengoja fedha za mwanawe. Watunga sheria wanapolisahau hilo, swali huhama kutoka bungeni kwenda barabarani, na hapo anayeitwa kulijibu ni askari, ambaye hakuiandika sheria hiyo na ambaye kodi yake humkata kama wengine.