Bei ya Uwanda Mtupu: Vijiji Jirani na Loji za Kifahari Porini



Mmeniomba nizungumzie loji za kifahari, na najua wengi wenu mnaziona kwa mbali tu: taa chache usiku upande wa hifadhi, gari la mboga linalopita alfajiri, ndege ndogo inayotua kwenye uwanja wa vumbi. Nitaanza na yanayotendeka ndani, maana huwezi kupatana bei ya kitu usichokijua.

Mgeni huamshwa kabla ya jua. Mhudumu hupiga hodi nje ya hema, huacha trei ya kahawa na biskuti, huyo anaondoka. Kunapopambazuka gari limeshatoka, kwani simba wakishaingia kivulini hakuna cha kuona ila matumbo. Mchana ni chakula na usingizi. Jioni gari husimama mahali penye mandhari, vinywaji hupangwa juu ya boneti, jua linazama. Giza likiingia mgeni hatembei peke yake kutoka hemani hadi mezani. Askari humsindikiza kwa tochi, na mara nyingi askari huyo ni kijana wa kijiji cha jirani, anayejua mlio wa nyati ukikasirika.

Katika baadhi ya kambi za mahema hata kuoga ni shughuli. Maji huchemshwa, hubebwa kwa ndoo, humiminwa kwenye mfuko ulioning'inizwa nyuma ya hema, na mhudumu husimama nje akisubiri kuulizwa kama yapo mengine. Bomba lingefanya kazi hiyo bila kelele. Mgeni analipa ili asilione bomba. Ndani ya hema atakuta masanduku ya ngozi, taa za shaba na mazulia, vyote vikimrudisha kwenye Kenya ya walowezi iliyopambwa na filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985. Mhudumu Msukuma au Mchaga naye huvalishwa shuka la Kimaasai. (Sina ugomvi na shuka. Nina ugomvi na anayeamini kwamba mgeni atasikitika akijua Misungwi ya Wasukuma ipo.)

Lakini mazulia na mvinyo vinapatikana hata Arusha mjini. Kinachopandisha bei porini ni nafasi: kufungua pazia usione nyumba, wala ng'ombe, wala gari la mtalii mwingine.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali yetu ilijenga hoteli za Seronera na Lobo ndani ya Serengeti, majengo makubwa yaliyoshikana na miamba, pimbi wakipita hadi karibu na meza. Hesabu ya wakati ule ilikuwa vyumba vingi na wageni wengi wa fedha za kigeni. Ndipo vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoibua mwaka 1970, katika gazeti la The Standard, swali la utalii na ujamaa. Msomi Issa Shivji akayahariri malumbano hayo yakatoka kitabu mwaka 1973. Waliuliza nani anamtumikia nani. Swali lao bado lina makali, ila biashara yenyewe imegeuka: siku hizi kambi ya mahema kumi inaweza kumtoza mgeni mmoja kwa usiku mmoja zaidi ya dola 1,000, na uchache wenyewe ndio anaoulipia.

Basi uchache huo unatoka wapi? Hapa ndipo ningependa tutulie kidogo.

Wenzetu wa Maasai Mara, Kenya, wameuandika kwenye mkataba. Hifadhi ya Naboisho ilianza mwaka 2010 kwa kuunganisha viwanja vya wamiliki wapatao 500, jumla takribani ekari 50,000. Kanuni yao ni hema moja kwa kila ekari 350. Majirani zao wa Olare Motorogi wamekaza zaidi, hema moja kwa ekari 700. Kambi hulipa kodi ya ardhi kwa ekari, na mwenye ekari huipata hata kama mwezi huo hakuna mgeni aliyelala. Ng'ombe hawakufukuzwa moja kwa moja, ila huchungwa kwa zamu. Uwanda mtupu pale una vipimo, na una mwenyewe.

Tusiuchukue mfano huo kama ulivyo. Kodi humfuata mwenye hati, na hati nyingi zina majina ya wanaume. Mjane na kijana asiye na kiwanja wamebaki watazamaji. Mwaka 2020 ndege zilipoacha kuja kwa sababu ya korona, kodi zilipunguzwa. Tena sheria zetu ni nyingine. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na njia yetu kuu imekuwa jumuiya za hifadhi ya wanyamapori kama Ikona, magharibi mwa Serengeti, yenye vijiji vitano. Pale anayekaa mezani na mwekezaji ni jumuiya. Mwanakijiji husikia matokeo kwenye mkutano mkuu, akisikia.

Na kuna sehemu ambazo uwanda unatafutwa kwa njia nyingine. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehama Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Sababu iliyotolewa ni kwamba watu na mifugo wameizidi ardhi. Hoteli za ukingoni mwa kreta zipo palepale, na zinatumia maji. Sisemi idadi ya watu haina uzito. Nasema atakayehesabu midomo inayokunywa ahesabu yote.

Kwa hiyo mwekezaji akija, msianze na darasa wala zahanati atakayojenga. Anzeni na vitanda. Ni vingapi, vinaweza kuongezwa hadi vingapi, na nani atakuwa na ruhusa ya kuona daftari la wageni. Malipo yakifungwa kwenye vichwa vya wageni peke yake, mtakosa kitu Aprili na Mei, wakati kambi nyingi hufunga kwa masika. Daini kiwango cha chini cha mwaka mzima, kilipwe kwa tarehe. Kisima kiwe na mita, na mita isomwe na pande mbili. Ajira zitajwe kwa kazi zake: jikoni, mapokezi, uongozaji wageni, kwa sababu neno “ajira kwa wenyeji” likiachwa hivyo huishia kwenye tochi ya askari. Njia ya mifugo kwenda majini ichorwe kwenye ramani kabla ya saini. Baada ya saini, njia hiyo itaitwa uvamizi.