Tiba Mtandao kwa Mgonjwa wa Kiharusi: Yampasayo Mtumiaji Kuyajua



Mtu anapopinda mdomo ghafla, mkono ukalegea na maneno yakamkwama, walio karibu naye mara nyingi huanza kwa kubishana. Huyu husema ni upepo mbaya, yule husema ni uchovu, wa tatu hutaka isubiriwe asubuhi. Dalili hizo ni za kiharusi, na mabishano hayo hula muda ambao hakuna tabibu awezaye kuurudisha.

Aghalabu kiharusi huletwa na bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo. Mara nyingine mshipa hupasuka, damu ikavuja. Kwa macho, hali hizi mbili hufanana. Dawa ya kuyeyusha bonge humfaa mgonjwa wa kwanza na yaweza kumuua wa pili. Ndiyo maana haitolewi kabla ya kupigwa picha ya CT ya kichwa, na kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Mikoani mabingwa wa mishipa ya fahamu ni haba, na safari ya kwenda jiji kuu yaweza kuzimaliza saa hizo zote barabarani.

Tiba mtandao imebuniwa kwa ajili ya upungufu huo. Bingwa aliye mbali humwona mgonjwa kwa kamera, humtaka ainue mikono na kutamka maneno, huisoma picha ya CT aliyotumiwa, kisha hushauriana na daktari aliye kando ya kitanda. Katika jimbo la Bavaria, Ujerumani, hospitali ndogo ziliunganishwa hivyo na vituo vya Munich na Regensburg kuanzia mwaka 2003. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulizilinganisha hospitali tano zilizounganishwa na tano zisizounganishwa. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa na hali mbaya walikuwa asilimia 44 katika zile za kwanza na asilimia 54 katika zile za pili. Kamera haikufanya kazi hiyo peke yake: hospitali zilizounganishwa zilikuwa pia na wodi za kiharusi na watumishi waliofundishwa.

Twalitaja hili kwa sababu matangazo ya daktari ndani ya simu huvutia, ilhali simu haina mashine ya CT wala dawa. Msimpigie daktari wa mtandaoni huku mgonjwa amelala sebuleni. Mpelekeni hospitali.

Hospitali ipi? Swali hili huulizwa siku ambayo nyumbani wote ni wazima, hasa penye mwenye shinikizo la damu au kisukari. Nendeni katika hospitali ya mkoa wenu mkaulize kama mashine ya CT hufanya kazi usiku na sikukuu, kama dawa ya kuyeyusha bonge ipo, kama wameunganishwa na bingwa, na gharama ipi bima hailipi. Jibu likiwa hapana, ulizeni hospitali inayofuata ni ipi.

Siku ya dharura, msimpe mgonjwa chakula, maji wala aspirini. Chukueni dawa zake zote, hasa za kuzuia damu kuganda. Andikeni saa ya mwisho alipoonekana akiwa mzima. Aliyeamka na dalili, hesabu huanza tangu alipoonekana mzima kabla ya kulala. Daktari wa kwenye skrini atauliza hilo kabla ya mengi.

Nanyi mna haki ya kumuuliza jina lake na mahali anapofanyia kazi, na kuelezwa hatari ya dawa kabla ya kuridhia. Picha na taarifa za mgonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Haziwi mali ya kusambazwa kwenye makundi ya simu. Mkinyimwa maelezo, andikeni tarehe, saa na wodi, mpeleke malalamiko kwa uongozi wa hospitali kwa maandishi, nanyi mbaki na nakala.