Kamba Moja, Mashamba Mengi

Chukua kalamu na karatasi.

Mtabila, katika nyanda za juu za Kasulu, palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Burundi mpaka ilipofungwa mwaka 2012. Mama aliyesimama katika foleni ya posho alijua vema kuwa idadi ya watu kwenye kadi ndiyo iliyoamua kipimo cha unga. Namba moja inaingia, kanuni inafanya kazi yake, namba moja tu inatoka. Wataalamu wa hesabu huita jambo hilo fanksheni. Jina ni gumu kuliko kitu chenyewe.

Basi, watoto wa darasa la tano wafundishweje? Usianze ubaoni. Tafuta kamba ya meta 20, uipige alama kila meta moja, kisha unganisha ncha zake. Toka nao nje na vigingi vinne. Waambie wapime shamba la maharage lenye pembe nne za mraba, upana meta 1. Watakuta urefu ni meta 9, na eneo meta za mraba 9. Waandike. Sasa upana uwe meta 2: urefu ni 8, eneo 16. Kabla ya kusogeza vigingi tena, waulize: safari hii tutapata ngapi? Swali hilo usiliache, maana mtoto anayekisia kwanza ndiye anayetafuta kanuni.

Wataendelea hivi: upana 3, eneo 21; upana 4, eneo 24; upana 5, eneo 25. Wengi watasema upana wa 6 utazidisha tena. Wapime! Eneo linarudi 24. Kamba ni ile ile, lakini shamba limepungua. Waache wabishane, usiwakatize kwa kutoa jibu.

Kisha walete mbegu. Tuseme kila meta ya mraba ina mashimo 10, na kila shimo mbegu 2. Shamba la upana wa meta 1 litataka mbegu 180, la upana wa meta 5 litataka 500. Hapo hata mtoto mvivu wa hesabu atauliza kwa nini.

Nawe mzazi, jambo hili ni lako pia. Mtu akikukodisha shamba kwa kukuambia, "Kulizunguka ni hatua 200," bado hajakuambia ukubwa wake. Laweza kuwa hatua 50 kwa 50, laweza kuwa 90 kwa 10, nawe ukalipa fedha ile ile kwa eneo lisilofika hata nusu. Mpeleke mwanao apime pande zote mbili kabla hujatoa fedha.

Kesho darasani uliza hili: upana ukiwa meta 10 kamili, shamba litakuwaje? Wape kamba wakajaribu wenyewe.