MWIBA NA VUMBI: MARADHI YATOKAYO UDONGONI KATIKA KAZI YA UJENZI

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa tawi la Muhoroni. Tunaichapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Mara nyingi tukikutana hapa habari zetu ni mishahara, saa za ziada, na wenzetu waliosimamishwa kazi. Leo tunataka kusema juu ya miguu na mapafu. Mshahara waweza kudaiwa mwaka huu, na usipopatikana ukadaiwa tena mwaka ujao. Lakini mguu ukikatwa umekatwa, hakuna mkutano wala mgomo utakaourudisha.

Ninyi nyote mwajua kwamba kazi ya ujenzi haikai mahali pamoja. Leo mwashi anajenga shule hapa Koru, kesho anasikia kuna kazi kaskazini, anafunga vyombo vyake na kupanda basi. Barabara ya lami ya kutoka Isiolo mpaka Moyale, mitambo 365 ya umeme wa upepo karibu na Loiyangalani, kituo cha umeme wa jua cha Garissa kilichofunguliwa mwaka 2019: kazi za namna hii ndizo zinazoita mafundi na vibarua kutoka kila upande wa Kenya. Mtu wa kwetu akienda huko huulizia mshahara, maji na mahali pa kulala. Kuna jambo la nne ambalo hatujazoea kuuliza, nalo ni hili: udongo wa huko una nini ndani yake?

Kuvu ni kitu gani

Mkate ukikaa siku nyingi huota kitu kama manyoya ya kijani. Viatu vya ngozi vikiwekwa mahali penye unyevu hushika weupe. Hiyo ndiyo kuvu. Nasi wa Muhoroni tunayo shule nyingine, yaani makapi ya miwa. Yakirundikwa yakiwa na unyevu yanapata moto kwa ndani na kuota vidudu vidogo sana. Baadaye yakikauka na kuchotwa kwa koleo, hutoa vumbi lenye kuumiza mapafu. Ugonjwa huo umejulikana katika viwanda vya sukari duniani tangu zamani. Basi msishangae tukisema kwamba vumbi si vumbi tu. Vumbi laweza kuchukua kitu chenye uhai ndani yake.

Kuvu nyingine huishi udongoni na hazimdhuru mtu hata kidogo. Lakini ziko chache ambazo zikipata njia ya kuingia mwilini hukaa humo na kula. Njia hizo ni mbili: ngozi iliyotobolewa, na pumzi.

Njia ya kwanza: mwiba

Katika nchi kavu zenye miti ya miiba, kutoka Sudan mpaka Somalia na kaskazini mwa Kenya, kuna ugonjwa uitwao maisetoma. Wengine huuita mguu wa Madura, kwa sababu madaktari wa karne ya 19 waliuandika kutoka mji wa Madura huko India. Vidudu vyake huishi katika udongo na juu ya miiba. Mtu akichomwa, au akijikata kwa jiwe au bati, vinaingia. Baadhi yake ni kuvu na baadhi ni bakteria.

Ndugu, sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Mwiba umetolewa, kidonda kimefunga, mtu amesahau. Baada ya miezi, pengine baada ya miaka, kinatokea kivimbe kigumu. Anakitazama, anaona hakimzuii kutembea, anaendelea na kazi. Kivimbe kinakua, mguu unapanuka, kisha yanafunguka matundu madogo yenye kutoa usaha na chembe kama mchanga. Chembe hizo huweza kuwa nyeusi, nyeupe, za manjano au nyekundu. Wakati huo ugonjwa waweza kuwa umekwisha kufika kwenye mfupa.

Dawa ziko, lakini hutegemea ni aina gani. Kama ni bakteria, dawa za kuua bakteria husaidia sana. Kama ni kuvu, mgonjwa humeza vidonge mwaka mzima au zaidi, na mara nyingi hupasuliwa pia. Akichelewa, mwisho ni kukatwa mguu. Kwa hiyo daktari lazima apime kwanza ajue ni ipi, na mtu asinunue dawa dukani kwa kukisia.

Shirika la Afya Duniani liliutia ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa mwaka 2016 tu. Kituo kilichojulikana kuliko vyote kwa kuutibu na kuuchunguza kilikuwa Khartoum, kilianzishwa mwaka 1991, nacho kimeharibiwa katika vita vilivyoanza Aprili 2023. Na wanaougua ni nani? Ni wachungaji, wakulima na vibarua, watu wanaokanyaga ardhi kwa mguu mtupu au kwa akala. Ugonjwa wa maskini husahauliwa upesi. Ikiwa sisi wenyewe hatuukumbuki, hakuna atakayetukumbushia.

Njia ya pili: vumbi

Huko Marekani, katika jimbo la California na majirani zake, kuna kuvu nyingine inayokaa katika udongo mkavu. Udongo ukichimbwa au upepo ukivuma, inapanda na vumbi na mtu anaivuta. Wao huuita ugonjwa huo homa ya bonde. Msiuchanganye na homa ya Bonde la Ufa tunayoisikia Kenya, ambayo ni virusi na huja kwa mifugo na mbu. Kuvu hiyo inajulikana katika nchi za Amerika, haijulikani kuwa inaishi katika udongo wa kwetu. Basi kwa nini tunaitaja? Tunaitaja kwa sababu ya mambo yaliyowapata wafanyakazi wenzetu wa ujenzi.

Kati ya mwaka 2011 na 2014, katika wilaya ya San Luis Obispo, yalijengwa mashamba mawili makubwa ya umeme wa jua. Wafanyakazi walikuwa zaidi ya 3,500. Walichimba mitaro na kusawazisha ardhi kavu, na 44 kati yao walipatikana na ugonjwa huo. Wakaguzi wa afya waliuliza maswali ambayo yatupasa kuuliza sisi pia. Maji yalimwagwa kabla ya mashine kuchimba? Watu walipewa vifaa vya kuchuja hewa? Walifundishwa? Mwaka 2019 jimbo hilo lilipitisha sheria kwamba katika wilaya zenye ugonjwa huo kwa wingi, mwajiri wa kazi ya ujenzi lazima awafundishe watu wake kila mwaka, na kabla hawajaanza kazi yenye vumbi. Watu walikuwa wameugua kazini miaka mingi kabla ya sheria hiyo kuandikwa.

Tena msidhani Afrika ya Mashariki haina kuvu ya pumzi. Iko moja inayopenda mavi ya popo na ya kuku, ugonjwa wake unaitwa histoplazimosisi. Mwaka 2011 wanafunzi wa elimu ya viumbe waliingia ndani ya mti wenye uwazi na popo katika msitu wa Uganda, na baadaye wengi wao waliugua mapafu. Sasa fikirini wenyewe: ni nani anayetumwa kupanda katika dari ya nyumba ya zamani, kubomoa bohari, au kusafisha banda la kuku ili pajengwe kitu kipya? Ni sisi. Kazi hiyo haipo kaskazini tu, ipo hapa hapa Muhoroni na Kisumu.

Ugonjwa huu hufanana na kifua kikuu: kikohozi, homa, kukonda. Mtu huweza kutibiwa kifua kikuu asipone. Hatusemi kila kikohozi ni kuvu. Kifua kikuu kipo, na vumbi la mawe nalo huharibu mapafu. Aliyepewa dawa za kifua kikuu asiziache. Tunachosema ni kwamba daktari hawezi kujua ulibomoa dari yenye popo kama hukumwambia. Na yule ambaye nguvu ya mwili wake imepungua, kwa ukimwi au kisukari, ana hatari zaidi.

Mambo ya kufanya

Ya kwanza, viatu. Usikubali kufyeka, kuchimba msingi au kubeba miti ya miiba ukiwa na ndara au akala. Mwiba mrefu hupita katika raba nyembamba. Taka gambuti au buti lenye soli nene, na glavu kwa mwenye kushika matawi.

Ya pili, mwiba ukikuchoma, acha kazi dakika kumi. Utoe wote, osha kwa maji safi na sabuni, funga jeraha. Uliza pia habari ya sindano ya pepopunda.

Ya tatu, maji kabla ya vumbi. Ardhi imwagiwe maji kabla greda na katapila hazijapita, na mavi ya popo au kuku yalowanishwe kabla ya kuguswa. Usifagie yakiwa makavu. Simama upande upepo unakotoka, si upande vumbi linakokwenda.

Ya nne, barakoa. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Inatakiwa ile ya kuchuja vumbi, yenye alama ya N95 au iliyo sawa nayo, ikae barabara usoni, na ibadilishwe ikichafuka.

Ya tano, usirudi nyumbani na vumbi la kazi. Kung'uta nguo na uoge kambini, maana watoto nao wanavuta pumzi.

Ya sita, nayo ndiyo tunayoitilia mkazo kuliko zote: andikisha. Kila jeraha, hata la mwiba, liandikwe katika kitabu cha ajali siku ile ile. Kama nyapara anacheka, mwache acheke, lakini aandike. Kama hakuna kitabu, andika mwenyewe tarehe, mahali, kazi uliyokuwa ukifanya, na majina ya wenzako wawili walioona. Piga picha kwa simu, utume kwa mwakilishi wako.

Kwa nini tunakazana hivyo? Wazee walisema mwiba hutokea pale ulipoingilia. Ugonjwa huu haufuati desturi hiyo. Huingia Marsabit na kujitokeza Muhoroni. Tuseme kijana wa hapa amefanya kazi miezi minane, mkataba umekwisha, kontrakta amehama. Mwaka wa pili mguu unavimba. Akidai fidia ataulizwa, “Ni nani alikuona ukichomwa?” Bila karatasi, atakuwa mtu mwenye mguu mbovu na maneno matupu.

Sheria inasema nini

Kenya tunazo sheria mbili za mwaka 2007. Moja ni ya usalama na afya kazini, ya pili ni ya fidia kwa walioumia kazini. Sheria ya kwanza inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga vinavyofaa na azuie watu wasivute vumbi lenye madhara. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na watu wao ndani yake. Tena inakataza mtu kufukuzwa kwa sababu amelalamika juu ya hatari.

Sheria ya pili inahesabu maradhi yaliyopatikana kwa ajili ya kazi pamoja na ajali. Mwajiri akiisha kuarifiwa habari ya ajali, anazo siku 7 za kuipeleka kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Madai nayo yana muda wake wa miezi 12. Kwa hiyo usikae na kivimbe ukingoje kipungue. Nenda hospitali, mwambie daktari ulifanya kazi wapi na kazi gani, umwombe aandike, kisha ulete karatasi ofisini kwetu.

Twajua kwamba wengi wenu ni vibarua wa siku, na mtu wa siku huogopa kusema, asije akaambiwa kesho asirudi. Mmoja akidai gambuti peke yake ni rahisi kumfukuza. Thelathini wakidai pamoja kabla ya kushika sururu, gambuti zitapatikana. Basi tunawaomba mnaoondoka kwenda kazi za mbali mpite ofisini kwanza. Tuandike majina yenu, kambi mnakokwenda na jina la kontrakta, na mchague mwakilishi kabla basi halijaondoka. Na mtakaporudi, mpite tena. Kila mmoja atazame miguu yake, mwezi baada ya mwezi, hata kama hakuna kinachouma.

Sisi ndio tunaowajengea watu wengine barabara, shule na hospitali. Haifai mjenzi wa hospitali aingie humo kwa magongo kwa sababu ya viatu ambavyo havikununuliwa.