Chemchemi na Ipangwe na Wanaoteka Maji Yake

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya jambo litakaloamuliwa leo, yaani fedha za kuhifadhi chemchemi zetu. Ombi langu ni moja tu: tusitoe hata shilingi moja kwa chemchemi yo yote kabla wale wanaoteka maji hapo hawajakaa pamoja na kuufanya mpango wake.

Nchi yetu twaijua. Nyumba zetu ziko juu ya vilima, na mashamba yashuka kama mikanda mirefu mpaka bondeni yatokako maji. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Na katika Kisii walihesabiwa zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Kwa hiyo chemchemi nyingi zimo ndani ya shamba la mtu mmoja, lakini wanaozihitaji ni kilima kizima. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa.

Mwenye shamba hupanda mikaratusi bondeni. Tusimwite adui. Mti huo hukua upesi, humpa nguzo, mbao na kuni. Viwanda vya chai hutumia kuni kukausha majani, na mti uliouzwa hulipa karo ya mtoto. Lakini pia hunywa maji mengi, na ukipandwa karibu na chemchemi waweza kuipunguza. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyo karibu na maji ing'olewe. Amri hiyo ilikuwa na sababu njema. Hata hivyo mikaratusi ingali imesimama katika mabonde mengi, maana amri peke yake haimlipii mtu karo.

Mwaka ule ule wa 2009, Bibi Elinor Ostrom wa Marekani alipewa Tuzo ya Nobel ya elimu ya uchumi. Alikuwa amechunguza jinsi watu wa nchi mbalimbali wanavyotunza misitu, malisho na mifereji yao. Alionyesha kwamba watumiaji wenyewe waweza kuitunza mali ya pamoja kwa muda mrefu, wakitunga kanuni zao na kusimamiana.

Wazee wetu walikuwa na risaga na egesangio, wakasaidiana kulima na kupalilia. Lakini katika risaga mwenye shamba huwa amekwisha kuamua kazi, na majirani huleta mikono. Leo twahitaji walete na akili pia. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Tazameni kazi ya chemchemi. Mama ajua mwezi ambao maji hupungua, na kama ndoo yaweza kusimama chini ya bomba. Mzee akumbuka mahali lilipokuwa jicho la zamani. Mwashi ajua kwamba bomba lisiwe juu kuliko jicho la maji, maana maji yakizuiliwa hutafuta njia nyingine, na ukuta ukabaki mkavu. Afisa wa afya huonya juu ya choo kilichochimbwa mlimani juu ya chemchemi. Mwenye shamba ajua miti ipi yaweza kukatwa mwaka huu, na ipi ingoje. Akikosekana mmoja wao, mpango una tundu.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, yaitaka Serikali ihimize wananchi kushiriki katika kutunza mazingira. Lakini kushiriki si kuitwa ili kusomewa mpango uliokwisha kupigwa muhuri, kisha kutia sahihi na kwenda zetu. Kushiriki ni kuwapo wakati karatasi ingali nyeupe.

Najua wengine watasema kwamba vikao hupoteza wakati. Wengine watasema kwamba wenye sauti kubwa huwanyamazisha wanyonge. Yote mawili ni kweli, nayo yana dawa. Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, kikao kifanywe penye chemchemi yenyewe, na wanawake waseme kwanza, kwa kuwa wao ndio wabebao maji. Pili, mwenye shamba apewe muda wa kuvuna mikaratusi yake, na Chama kimpe miche ya parachichi ya kupanda juu zaidi. Mapatano hayo yaandikwe, naye apewe nakala. Tatu, kabla ya saruji kununuliwa, wachaguliwe watu wa kutunza ukuta, ua na mfereji, na uwekwe mfuko mdogo wa matengenezo.

Wazee wangu, mafundi wageni waweza kujenga ukuta, wakalipwa, wakaenda zao. Lakini atakayezibua mfereji siku ya mvua kubwa, miaka 10 baadaye, ni jirani wa hapo. Naye hataona taabu kukitunza kitu alichokipanga mwenyewe. Fedha zetu ni chache, zimetoka katika mifuko ya watu wa chai na wa ndizi. Tukizitumia bila mashauri, tutawaachia watoto wetu kuta kavu. Tukizitumia kwa mashauri, tutawaachia maji, pamoja na desturi ya kukaa chini na kupatana.